Tulikwenda Kufyeka Majani, Tukakuta Jambo Kubwa Zaidi

Ni lini mara ya mwisho ulikwenda kwa wazazi, wako au wa mumeo, ukakaa siku mbili bila haraka? Hatuulizi ni lini ulituma fedha au sukari. Tunauliza ni lini ulikwenda. Sisi wenyewe swali hili lilitupata katika likizo fupi ya Septemba, na tumeona si vema tukae nalo peke yetu.

Tunaishi Mbeya mjini. Nyumbani kwa baba watoto ni kijiji kimoja cha wilaya ya Mufindi, mkoa wa Iringa. Mama mkwe, ambaye nyumba nzima tunamwita Bibi, anaishi huko na mjukuu wake mmoja wa miaka 10 tangu babu alipofariki. Mwezi wa Novemba mjukuu mwingine katika ukoo alikuwa apate kipaimara, na wageni wangepokelewa nyumbani kwa Bibi. Kwa hiyo tulipanga kwenda mapema, Ijumaa hadi Jumapili, tufanye usafi wa ua kabla mvua hazijaanza. Tulikuwa hatujafika huko kwa miezi kumi.

Tulipanda basi asubuhi sisi wazazi na watoto watatu: mvulana wa miaka 17, binti wa miaka 13 na kitinda mimba wa miaka 6. Tulibeba mafyekeo mawili, reki, glavu, sabuni na mche wa mparachichi. Tulipita Chimala na Makambako, tukashuka Mafinga, kisha tukapanda gari dogo hadi kijijini. Jua lilikuwa linaelekea kuzama.

UA ULIVYOTUPOKEA

Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya jiko. Tulimwamkia, akaitikia kwa furaha, "Kamwene, kamwene!" Alitushika mikono mmoja mmoja na kutupapasa nyuso. Tulidhani ni upendo tu. Macho yetu yalikuwa kwenye ua.

Majani yalikuwa yamefika magotini. Chini ya mfyulisi palikuwa na tabaka nene la majani makavu na mavi ya kuku. Makopo na chupa zilizagaa nyuma ya jiko. Njia ya chooni ilikuwa imezibwa na nyasi pande zote mbili, na kichanja cha vyombo kilikuwa kimelala upande mmoja.

Ni lazima tukiri tulichokiwaza. Kwetu tulikozaliwa ni Rungwe. Huko mtoto wa kike huamshwa na ufagio kabla ya jua. Tangu mwaka 1879, Mskoti Joseph Thomson alipopita katika nchi ya Wanyakyusa, aliisifu kwa migomba yake na usafi wa makazi ya watu. Mtu aliyelelewa hivyo huhukumu haraka. Tulisema moyoni, "Bibi amekuwa mvivu." Kisha tukaona aibu: majirani watasema nini juu ya wakwe wanaofundisha usafi kliniki huko mjini, huku ua wa mama yao uko hivi?

Baba watoto yeye alikasirika. Kila baada ya miezi miwili alikuwa akituma shilingi 30,000 za kumlipa kibarua afyeke. "Mama, zile hela zilikwenda wapi?" aliuliza. Bibi alijibu bila kuinua sauti, "Zilinunua sare na madaftari ya mjukuu wako. Kibarua akifyeka, majani yanaota tena. Daftari la mtoto halisubiri." Hapakuwa na la kusema baada ya hapo. Tulikula ugali na maharage, tukasali, tukalala.

JUMAMOSI: KAZI KWA KUGAWANA

Asubuhi tuligawana kazi. Baba na mvulana walishika mafyekeo. Binti na mjukuu wa Bibi waliokota makopo, chupa na vyuma, wakiwa wamevaa viatu na glavu. Sisi tulishika jiko, kichanja na choo. Kitinda mimba alipewa kazi ya kuokota matunda yaliyooza chini ya mfyulisi.

Saa tatu hivi lilitokea shauri la kwanza. Baba watoto alikuwa amekusanya nyasi kavu chungu nzima akataka kuzichoma pale pale, kazi iishe. Bibi aliposikia kiberiti kinatajwa aliinuka kwenye kigoda. "Usiwashe moto humu Septemba," alisema. "Upepo huu unauona? Ng'ambo ya bonde ni miti ya jirani."

Bibi alikuwa sahihi, na aliyezaliwa Mufindi angepaswa kukumbuka. Shamba la miti la serikali la Sao Hill, kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya serikali nchini, liko katika wilaya hiyo hiyo, na wanakijiji wengi nao wamepanda misindano na mikaratusi kama akiba ya kusomesha watoto. Moto wa taka ukichukuliwa na upepo wa kiangazi unaweza kuteketeza ada ya shule ya kaya kumi kwa mchana mmoja. Nyasi zile tulizipeleka kwenye shimo la mboji nyuma ya banda la kuku, tukachanganya na samadi na majivu. Zitarutubisha bustani.

Jambo la pili ni rundo la vyungu vilivyopasuka na magunia machakavu ukutani. Mvulana alitaka kuyatupa yote. Bibi akamzuia tena. Ndani ya vyungu alikuwa amehifadhi mbegu za maboga na za maharage ya asili, amezichanganya na majivu zisiliwe na wadudu. Akina mama, tujifunze hapo. Tunapokwenda kusafisha nyumba ya mzee, tunaingia katika mpango wa mtu mwingine. Kitu tunachokiona kichafu kinaweza kuwa ndiyo ghala lake. Tuulize kwanza, ndipo tutupe.

KILICHOFICHWA NA NYASI

Ilikuwa inakaribia saa sita. Kitinda mimba alikuwa anamkimbiza kifaranga kuelekea nyuma ya nyumba, mahali ambapo fyekeo lilikuwa bado halijafika. Kaka yake alikuwa hatua mbili tu nyuma yake. Tulisikia mlio wa mti kuvunjika, kisha ukelele.

Mguu mmoja wa mtoto ulikuwa umezama hadi pajani. Kaka yake alikuwa ameukamata mgongo wa gauni lake kwa mikono miwili. Walimvuta yeye na baba yake. Mguu ulikuwa umechubuka, mtoto analia, lakini mzima. Tulipofyeka mahali pale tuliona vizuri. Lilikuwa shimo la choo cha zamani, alichochimba marehemu babu. Walipohamia choo kipya, walilifunika kwa magogo na udongo. Magogo yalioza miaka mingi huko chini, na nyasi zikaota juu yake vizuri kama mahali pengine.

Tulidondosha jiwe. Lilichukua muda kabla ya kusikika.

Tuliuosha mguu wa mtoto kwa maji ya kutiririka na sabuni, tukakagua kadi yake ya kliniki kuona kama chanjo za pepopunda zilikamilika. Zilikuwa zimekamilika. Halafu watu wazima tulikaa kimya. Katika Kumbukumbu la Torati 22:8, Mungu anamwagiza mtu anayejenga nyumba azungushe ukingo juu ya dari, ili mtu asianguke na mwenye nyumba akawa na hatia ya damu. Tumezoea kuisoma kama sheria ya kale ya watu wengine. Siku ile tulielewa kwamba inahusu nyua zetu: tunaulizwa habari za mashimo tuliyoyaacha wazi.

Mchana wote ulikwenda kwenye shimo hilo. Vijana wawili wa jirani walikuja kusaidia. Walitoa magogo yaliyooza, wakajaza mawe, matofali ya kuvunjika na udongo, wakashindilia hadi juu. Waliacha kichuguu kwa sababu udongo hushuka mvua ikinyesha. Ule mche wa mparachichi tuliokuja nao tuliupanda pembeni yake kuwa alama.

"NAYASIKIA, MKWE WANGU"

Jioni Bibi alitaka naye afanye kazi. Alichukua ufagio wa chelewa akaanza kufagia mbele ya nyumba. Tulimwangalia tukiwa tunaosha vyombo. Alifagia vizuri sehemu moja, mara mbili, mara tatu, huku majani ya mfyulisi yaliyokuwa hatua moja tu pembeni akiyaacha. Kisha tulimkaribisha chai, akanyoosha mkono kando ya kikombe.

Sisi ambao kazi yetu ni uuguzi tulijisikia vibaya sana. Tulikuwa tumekaa naye usiku mmoja na mchana mzima, tukatazama nyasi, makopo na choo, lakini yeye hatukumtazama. Tulimsogelea, tukamwomba ageukie kwenye mwanga. Mboni ya jicho la kulia ilikuwa nyeupe kama maji ya mchele, na ya kushoto ilikuwa imeanza ukungu.

"Bibi," tulimwuliza polepole, "majani haya chini unayaona?"

Alinyamaza kidogo. "Nayasikia, mkwe wangu. Nikikanyaga nayasikia."

Kwa hiyo hapakuwa na uvivu. Mwanamke aliyefagia ua huu kila alfajiri kwa zaidi ya miaka 50 alikuwa haoni tena cha kufagia. Njia ya chooni aliijua kwa miguu. Shimo la zamani alilikumbuka kwa kuhesabu hatua. Mjukuu wa miaka 10 ndiye aliyekuwa macho yake, naye alikuwa ameapishwa asiseme.

"Kwa nini hukutuambia, Mama?" aliuliza baba watoto.

"Ningesema sioni, mngenichukua Mbeya. Na nyumba ikifungwa huwa haifunguliwi."

Tukatazamana. Alikuwa amesema kweli. Njiani, ndani ya basi, tulikuwa tumezungumza jambo hilo hilo: kumhamishia Bibi mjini. Tulikuwa hatujapanga kumwuliza.

Usiku ule tulikaa jikoni hadi moto ukabaki makaa. Bibi alisimulia jinsi ua huu ulivyoanza. Mwaka 1973, akiwa mama kijana, alikuwa katika kikundi kimoja cha kampeni ya Mtu ni Afya, iliyofundishwa kwa redio na vijitabu na kuwafikia watu wazima wapatao milioni 2 nchini. Walikaa chini ya mti wakisikiliza redio moja, kisha wakaenda kuchimba vyoo na mashimo ya taka, leo kwa huyu, kesho kwa yule. "Siku zile," alisema, "hakuna aliyefyeka peke yake."

Mwanawe alimshika mkono. "Mama, tusamehe. Tulituma hela tukadhani tumekuja."

Tulikubaliana mambo manne. Bibi atabaki nyumbani kwake. Jumatatu atapelekwa hospitali yenye huduma ya macho. Kijana mmoja wa jirani atafyeka kila mwezi, na malipo yake yatapelekwa moja kwa moja, mbali na hela za shule za mjukuu, ambazo nazo zitatumwa. La nne, mmoja wetu atafika kila baada ya miezi miwili, kufanya kazi pamoja naye.

Jumapili tulikwenda ibadani. Mchana, kabla ya watoto kurudi Mbeya na baba yao, tulifunga kamba kutoka mlango wa jiko hadi chooni ili Bibi aishike usiku, na mvulana akapaka chokaa nyeupe kwenye ngazi. Sisi tulibaki kwa ajili ya safari ya Jumatatu.

YA KUZINGATIA UNAPOSAFISHA UA

Mama mwenzetu, kutokana na siku zile na yale tunayofundisha kliniki, tunakushauri haya:

1. Tembea kwanza, fyeka baadaye. Waulize wazee palipo na mashimo ya zamani, visima na vyoo vilivyoachwa. Zungushia miti mahali hapo kabla watoto hawajaachiwa kucheza. Shimo lisifunikwe kwa magogo, lijazwe kabisa.

2. Vaa viatu vilivyofunika mguu, na usiingize mkono penye giza. Rundo la kuni na mawe ni makazi ya nyoka. Mtu akiumwa na nyoka usimchanje, usimnyonye jeraha wala kumfunga kamba kwa kukaza. Mtulize, kiungo kilichoumwa kisitikisike, awahishwe hospitali. Kila mwaka kati ya watu 81,000 na 138,000 hufa duniani kwa kuumwa na nyoka, na wengi wao ni watu wa mashambani kama sisi.

3. Ondoa kila kinachoshika maji: makopo, matairi, vifuu, vyungu vilivyotupwa. Mbu huhitaji wiki moja hadi mbili tu kutoka yai hadi kuruka. Kazi hii ifanyike kabla ya mvua za Novemba.

4. Nyunyiza maji kabla ya kufagia kiangazi, ndani na nje. Vumbi kavu ndilo maskani ya funza. Mdudu huyu hakuwa wa kwetu. Aliingia Afrika mwaka 1872 kwa meli iliyotoka Brazil hadi Angola, akasambaa bara zima. Nguruwe na mbwa wasilale penye watu. Pini ya kutolea funza isafishwe kwa moto na isitumiwe na watu wawili, maana huambukiza magonjwa.

5. Tenganisha taka. Majani na maganda yaende kwenye mboji. Mawe ya tochi, vyupa vya dawa za shamba na plastiki visichomwe karibu na jiko, wala makopo ya sumu yasioshwe kuwekea chumvi au mafuta. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, lakini ya zamani bado imelala kwenye udongo wa nyua nyingi. Ichimbuliwe.

6. Choo na shimo la taka viwe mbali na kisima, angalau mita 30, na upande wa chini wa mteremko. Weka kibuyu chirizi na sabuni karibu na mlango wa choo.

7. Baba na watoto wa kiume washiriki. Mvulana aliyezoea kushika ufagio kwa bibi yake atashika ufagio kwa mkewe.

8. Mtazame mzee mwenyewe. Ua uliochakaa ghafla, nguo zilizofuliwa nusu, chumvi iliyozidi kwenye mboga, michubuko ya miguuni: hizo ni dalili. Huenda ni macho, viungo, shinikizo la damu, usahaulifu au huzuni. Uliza kwa upole, tena mkiwa wawili.

Kuhusu macho tuongeze neno. Ugonjwa wa Bibi huitwa mtoto wa jicho. Ndio unaoongoza duniani kwa kusababisha upofu, na hutokea zaidi uzeeni. Hauponi kwa matone wala miti shamba, na dawa za kienyeji zikitiwa machoni zinaweza kuliharibu jicho kabisa. Tiba yake ni upasuaji: lenzi iliyoingia ukungu hutolewa na kuwekwa nyingine ya bandia. Ni upasuaji mfupi, na wengi huona tena.

MFYULISI UMECHANUA

Bibi alipasuliwa jicho la kulia majuma machache baadaye. Siku bandeji ilipotolewa, alimwangalia mwanawe kwa muda mrefu, akasema, "Umezeeka." Tukacheka sote, naye akacheka hadi akaambiwa na daktari atulie.

Kipaimara kilipita salama na wageni walisifu ua. Jicho la kushoto bado, tumepangiwa tarehe. Wala hatuwezi kusema kwamba hatujawahi kukosa zamu: mara moja tumekosa, kwa sababu ya kazi, na Bibi hakuacha kutukumbusha. Lakini tulipofika mara ya mwisho alfajiri, tulimkuta na ufagio mkononi chini ya mfyulisi uliochanua. Alikuwa amelifikia kila jani. Tulitaka kumpokea ufagio kwa heshima, akakataa. "Tafuta wako," alisema.

Tangu Desemba 9, 2015, sikukuu ya Uhuru ilipofanywa siku ya usafi nchi nzima, tumezoea kusikia habari za kufagia barabara na masoko. Ni jambo jema. Lakini kuna ua mmoja ambao hakuna kiongozi atakayekuja kuukagua, nao ni ua wa mzee wako. Mama mpenzi, kabla mvua hazijaanza mwaka huu, chagua Jumamosi moja. Mchukue mumeo, wachukue watoto, chukueni fyekeo na reki. Mkifika, kabla hamjagusa jani hata moja, kaeni kwanza na mzee kwenye mwanga, mmtazame usoni.

Mungu akubariki wewe na nyumba yako.